Saa ya Mgeni Mkononi mwa Baba

Baba yangu alianguka mara ya kwanza kanisani. Tulikuwa tumesimama kuimba, naye akashuka taratibu na kitabu chake cha nyimbo mkononi, na akina mama wa benchi la nyuma wakaanza kumshukuru Mungu wakidhani ameguswa na Roho. Mara ya pili alianguka kwenye vitunguu. Mara ya tatu mama alimkuta mlangoni pa zizi, macho wazi, anauliza nani amemwaga maziwa. Daktari wa Karatu alituambia moyo wake unasimama kidogo halafu unaendelea, na kwamba siku moja unaweza kugoma kabisa asipopata msaada wa haraka. Kulikuwa na kifaa cha kuwekewa kifuani, tukaandikishwa kwenye foleni. "Mpaka zamu yake ifike," daktari akasema, "huyu mzee asiachwe peke yake."

Asiachwe peke yake! Nilitaka kumuuliza kama amewahi kumwona mkulima wa Baray. Shamba letu liko huko bondeni, unashuka kutoka Karatu kuelekea Ziwa Eyasi, vitunguu upande wa mfereji na mbaazi upande wa juu. Baba alikuwa akitoka na jembe lake asubuhi na mapema, na ukimfuata anakuuliza kama umekosa kazi. Mama alimfuata wiki nzima. Siku ya nane waligombana mpaka majirani wakaja kusuluhisha. Mimi ndiye mtoto pekee, na ni dereva wa watalii, naondoka na wageni siku sita, siku nane, nikirudi nanuka vumbi tu. Simu kule Baray inashika ukisimama juu ya kichuguu, tena siku ikipenda.

Nina hasira za karibu, wenzangu wote wanajua, na miezi ile nilikuwa nagomba na kila mtu. Niligomba na foleni ya hospitali, na mama, na gari. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa.

Ndipo akaja yule mgeni. Mzee wa makamo ya baba yangu, kutoka nchi ya baridi huko Ulaya, mpole, anauliza jina la kila ndege na kulisahau papo hapo. Siku ya tatu tulitoka Ngorongoro tukashuka kuelekea tambarare ya Olbalbal. Ilikuwa kavu, wafugaji wanatembeza ng'ombe kutafuta maji, vumbi limewafunika mpaka nyusi. Mgeni akataka kuwasalimia. Akashuka garini vibaya, akaanguka puu, chali, akabaki anacheka. Hapo saa yake ikatetemeka, ikaanza kulia king'ora kama gari la zimamoto, na ng'ombe wakashtuka. Mzee aliendelea kucheka badala ya kuibonyeza. Baada ya dakika moja kioo kikawaka ujumbe. Binti yake, huko Ulaya, anauliza: Baba, umeanguka?

Nikaangalia simu yangu. Hakuna mtandao hata chembe. Nikamuuliza imewezekanaje.

Akanieleza tukiwa njiani. Saa za aina ile ziko nyingi, alisema, hata binti yake anayo, lakini ile yake ni toleo la kifahari, zimetengenezwa chache, zina ukingo wa dhahabu, na kampuni imezifungulia mambo ambayo wengine hawapewi. Inaongea na setelaiti moja kwa moja. Inalinda moyo muda wote na kuwaonyesha watu uliowachagua unavyopiga. Ikihisi umeanguka inalia, usipoizima inawaita hao watu na kuwaonyesha ulipo. Kisha akanionyesha na mambo ya kipuuzi: sura ya saa yenye mwezi unaokua na kupungua, kipimo cha upepo kwa wenye boti. Tukacheka. Mimi nilicheka kwa mdomo tu, maana akili yangu ilikuwa Baray.

Siku ya mwisho, Karatu, alinipa bahasha ya tipu kama kawaida, halafu akaivua ile saa na kuniwekea kiganjani. Alisema amekwisha kuagiza toleo jipya, na kwamba nimemwangalia vizuri kuliko wanawe. Niliipokea kwa mikono miwili na, jamani, nililia. Yeye alidhani nalia kwa ajili ya dhahabu.

Jioni ileile nilimvalisha baba ile saa. Alikataa kidogo, kwa adabu, akasema mkono wa kushika jembe hauvai dhahabu. Kisha akauona ule mwezi. Baba alikuwa mtu wa mwezi, alipanda na kuvuna kwa kuuangalia, na mwezi wa kwenye saa ulikuwa sawasawa na ule wa juu. Alitoka nje mara mbili kuulinganisha. Kuanzia siku ile haikutoka mkononi isipokuwa kwa kuchajiwa, na majirani wakawa wanamtania, wakimwita Aako, yaani mzee kwa lugha yetu: "Aako, mwezi unasemaje leo?" Naye anajibu kwa sauti nzito kwamba mwezi unasema watu wafanye kazi.

Sasa shida. Nilimvua baba ile saa siku moja, nikaipeleka kwa fundi wa simu pale Karatu mjini, kijana makini, nikamwambia aiunganishe na simu yangu ili baba akianguka niitwe mimi. Akaigeuza, akaisoma, akaguna.

"Kaka, hii saa bado ni ya mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi. Nimepewa."

"Umepewa chuma. Akaunti ni yake." Akaniwekea kando yake saa nyingine ya aina ileile, ya kawaida, iliyoletwa kubadilishwa kioo. "Ndani ni kitu kimoja. Kipima moyo kilekile, antena ileile. Hii ya kwako wameifungulia programu, hii wameifunga. Na kwenye ile ruhusa wameandika jina la mnunuzi wa kwanza. Nikiifuta niweke jina lako, inakuwa ya kawaida. Inabaki kukuonyesha saa na hatua zako za kutembea. Haitalia, haitaita."

Nilichemka. Nilimwambia yaani mashine ina uwezo wa kumwokoa mtu halafu mtu kakaa ofisini kaamua kuufunga? Hata aliyefungiwa anautembeza mkononi bila kujua? Fundi akanyoosha mikono akasema, "Mimi usinigombeze, mimi fundi tu."

Kisha akanipa dawa, na dawa yenyewe ilikuwa rahisi. "Mwandikie huyo mzungu. Kwenye orodha ya watu wa kuitwa kuna nafasi tano, yeye amejaza mbili, binti yake na yeye mwenyewe kwenye simu yake. Akiingiza namba yako imekwisha. Dakika moja."

Sikuandika.

Hapa ndipo watu hunishangaa, na acha wanishangae. Kwetu mtu akivua kitu mwilini mwake akakupa wewe, ukakiweka mwilini mwa mtu mwingine, umemwambia hukukitaka. Ningemwandikiaje bila kusema kwamba saa haiko mkononi mwangu? Na kumrudia mtu aliyekupa, na kitu chake mkononi, kumwambia hapa hakijakaa sawa, niongezee, hiyo nilifundishwa tangu mdogo kwamba ni tabia ya omba omba. Ofisini kwetu nako kulikuwa na dereva aliyefukuzwa kwa kuwaandikia wageni akiomba vitu. Nikajiambia nitatafuta namna nzuri ya kusema, wiki ijayo, baada ya msimu. Na nilijipa moyo kwa king'ora. King'ora kinalia hata kama saa haimwiti mtu wa hapa. Baray ina majirani. Nilimfundisha mama, nikawafundisha majirani wa mfereji: mkisikia hii kelele, kimbieni.

Mbaya zaidi, nilidanganya. Wakati wa Krismasi mgeni alinitumia salamu na kuomba picha nikiwa na saa yake. Basi nikaenda Baray, nikamvua baba, nikapanda nayo hadi ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, nikakunja shati, nikapigwa picha mkono mbele kama mtu anayeuza saa. Wenzangu walinicheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku hiyo waliniita Mzee wa Dhahabu. Jioni niliirudisha, baba akaniuliza, "Umeshamaliza kumdanganya mtu wa watu?" Nikamwambia asijali.

Siku yenyewe nilikuwa chini ndani ya kreta na familia ya watu wanne. Msimu wa wageni wengi, magari yamejazana. Laini yangu huwa inakufa kabisa nikishafika chini, tunategemea redio za gari, na redioni siku ile habari ilikuwa moja tu, faru. Faru mweusi alikuwa ameonekana karibu na msitu, na kila dereva alikuwa anataka kuwa wa kwanza.

Ilikuwa saa nne na nusu, naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimetoka kuwapa wageni kahawa. Dada wa ofisini, Karatu, akaniita redioni.

"Yule mgeni wako aliyekupa saa ameandika ofisini mara tatu. Anauliza wewe mzima?"

"Mimi mzima. Kwa nini?"

Akasoma tena. "Anasema basi kama wewe mzima, saa iko mkononi mwa nani? Anataka jibu sasa hivi."

Redio ile inasikika na magari yote. Sekunde ileile dereva mmoja akadakia, "Mzee wa Dhahabu, mwenye mali kaja!" Mwingine, "Rudisha saa ya watu!" Kicheko kikatembea kreta nzima. Damu ikanipanda kichwani. Nikaona nimekamatwa, kwamba mzee amegundua kwenye mitambo yake huko saa haiko Ngorongoro iko Baray, anadhani nimeiuza, anataka aniumbue mbele ya ofisi. Nikajiuliza, kumbe naye ni wale wale, anatoa huku ameshika kamba? Nilikuwa na hasira na nilikuwa na aibu, na vyote viwili vilikuwa vinaongea kwa mdomo mmoja.

"Mwambie mimi mzima," nikasema, "na saa yake ipo salama. Nitampigia jioni."

"Nimwambie hivyo tu?"

"Hivyo tu. Saa ipo salama."

Nikapunguza sauti ya redio nikaenda kuwatafutia wageni faru. Tulimwona. Alikuwa mbali, amesimama tu, na yule mama wa familia akalia kwa furaha.

Tulipanda kutoka kreta saa tisa kasoro. Pale juu ukingoni simu ikapata mtandao, ikaanza kutetemeka kwenye dashibodi na haikuacha. Simu kumi na moja kutoka Ulaya. Simu mbili za mama kutoka kwenye namba ya jirani. Nilianza na ya mama. Aliyepokea alikuwa jirani mwenyewe, na alivyoanza kwa kuniuliza kama nipo mwenyewe au naendesha, nilijua. Niliegesha. Niliwaambia wageni samahani, nikashuka, nikakaa chini barabarani kwenye udongo mwekundu, mtu mzima na sare yangu ya kazi. Dereva mwenzangu aliyekuwa nyuma aliwachukua wageni na mizigo bila kuniuliza kitu.

Mama alikuwa amekwenda mnadani. Aliondoka akiwa na amani kwa sababu baba alikuwa na saa. Baba akapanda kwenye mbaazi, na mbaazi mwezi ule zilikuwa zimempita mtu kimo. Alianguka katikati ya mistari. King'ora kililia, bila shaka kililia, lakini majirani walikuwa wanapiga maji kwenye vitunguu na pampu mbili za dizeli zinanguruma mferejini. Mama mmoja jirani alisema alisikia kitu kama filimbi, akadhani ni pampu imeanza ugonjwa wake. Mama alirudi saa nane, akaita, akaingia kwenye mbaazi, akamkuta.

Nilipofika walikuwa wamemlaza kitandani, wamemfunika. Mama alikuwa ameivua saa, ameipangusa udongo, akanipa. Kioo kilikuwa na ujumbe umejipanga, wote kutoka kwa mgeni, wote kwa Kiingereza. Rafiki yangu, uko sawa? Rafiki yangu, nijibu. Ukinisikia bonyeza popote. Usiogope, ninatafuta watu. Baba alisoma darasa la nne. Kiingereza chake kilikuwa neno moja, jambo, alilodhani ni la Kizungu kwa sababu wageni wangu wote walimsalimia hivyo.

Kesho yake asubuhi nilipanda kwenye kichuguu nikampigia. Alipokea kabla haijalia vizuri.

Aliniambia yote. Alikuwa anakunywa chai. Binti yake akampigia akiwa anahema, Baba, umeanguka wapi? Akamwambia yeye yuko mezani. Wakafungua ramani wakaona nukta imekaa Baray, haisogei, na moyo unapiga. Alinipigia, akapiga, akapiga. Akatafuta ofisi yetu mtandaoni, akaandika. Aliamini aliyeanguka ni mimi, kwa sababu picha ilionyesha saa mkononi mwangu. Walipomjibu kwamba niko kreta mzima na saa iko salama, akachanganyikiwa. Akamwambia binti yake labda saa imewekwa mahali, labda mtoto anaichezea. "Lakini ilikuwa na moyo ndani," akaniambia. "Nilikuwa nauona."

Nikamwambia ilikuwa ya baba yangu. Nikamwambia na kwa nini sikusema.

Kisha akasema kwamba kuongeza namba yangu kungemchukua sekunde chache, na kwamba angefurahi, angefurahi sana, kujua saa iko kwa baba. Hakusema kwa ukali. Ningefurahi angenitukana, kwa kweli, ningejua pa kushika. Akaniambia, "Nilikaa naye mpaka mwisho. Sikujua ni nani, lakini nilikaa naye." Nikamwonea wivu mzee wa watu. Nikamchukia, dakika hiyo, kwa kuwa na kitu kilichokuwa changu.

Akauliza kama nataka kuiona ile picha ya moyo. Nikasema tuma.

Ni mstari tu. Baba alianguka saa nne kasorobo. Mstari unashuka, unapanda, unajikongoja. Saa nne na nusu bado upo, tena umetulia vizuri kuliko mwanzo, mtu angeweza kudhani anapata nafuu. Unakatika saa tano na dakika kumi. Kutoka kituo cha afya hadi shambani kwetu kwa pikipiki ni dakika kumi na tano. Nimeipiga hiyo hesabu kwa kila namna na inatoka ileile. Dada wa ofisini angeweza kupiga namba ya kituo akiwa ameketi.

Niliificha simu mfukoni nikashuka kwenye kichuguu. Mama alikuwa nyuma ya nyumba na yule mama jirani aliyesikia filimbi. Jirani alikuwa analia, amejifunika kanga usoni, anasema laiti angezima pampu, laiti angeenda kuangalia. Mama aliniona, akanishika mkono.

"Ulikuwa unaongea na mwenye saa?"

"Ndiyo, mama."

"Saa inaonyesha mambo yote ya moyo, ulituambia. Sasa niambie. Baba yako alikaa pale akituita? Au alikwenda mara moja?"

Jirani akashusha kanga akaniangalia. Wote wawili wananiangalia.

"Mara moja, mama," nikasema. "Alivyoanguka tu, basi. Hakuna ambacho mtu angefanya."

Mama akafumba macho, akashusha pumzi ndefu. Kisha akamgeukia jirani akamkumbatia, akamwambia, "Umesikia? Usijilaumu tena. Hakuna ambaye angeweza." Wakalia pamoja, kilio cha kupumzika, mimi nimesimama hapo na simu mfukoni.

Habari ikaenea msibani kabla ya chakula cha mchana. Siku ya mazishi mchungaji aliisema mbele ya watu wote, kwamba tumshukuru Mungu kwa kuwa hata chombo cha kitaalamu kutoka Ulaya kimethibitisha mzee wetu aliitwa kwa upole, kwa dakika moja, bila mateso, na hakuna mkono wa mwanadamu ambao ungezuia. Watu wakasema amina. Mama, aliyekuwa amesimama kando yangu, akanibonyeza mkono kwa sababu alinisikia niko kimya, akidhani nimezidiwa na uchungu. Basi na mimi nikasema amina.